Kutoka waya wa mitini hadi mnara wa trela Katavi

Mnara wa antena unaobebwa na trela hutoa kimo mahali ambapo hakuna mnara wa kudumu. Hukokotwa na gari hadi eneo la kazi, husimamishwa kwa muda mfupi, hutumika siku kadhaa au miezi, kisha hukunjwa na kuhamishwa. Mawimbi ya redio za VHF, sawa na ya simu za mkononi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mviringo wa dunia huyawekea ukomo, na vilima na msitu huyazuia mapema zaidi. Kwenye tambarare isiyo na miti, antena iliyo mita 10 juu ya ardhi humfikia mtu mwenye redio ya mkononi aliye umbali wa kilomita 19 hivi. Ikipandishwa hadi mita 30, umbali huo hufika kilomita 28. Kimo kimeongezeka mara tatu, umbali haukufika hata mara mbili. Kurefusha mnara, basi, huleta faida inayozidi kupungua.

Baadhi ya majaribio ya mwanzo ya kubeba redio kwa magurudumu yalifanyika Afrika, na yalikuwa ya kivita. Mwaka 1899 jeshi la Uingereza lilipeleka mitambo ya Marconi kwenye vita vya Makaburu, Afrika Kusini. Milingoti haikuwepo, mianzi iliyotafutwa badala yake haikufaa, na waya za antena zikarushwa angani kwa tiara. Matokeo yalikuwa duni, mitambo ikahamishiwa kwenye meli, ambazo tayari zilikuwa na milingoti. Mwaka 1904 Wajerumani, wakipigana na Waherero katika Namibia ya leo, walitumia mitambo iliyowekwa juu ya mikokoteni, antena zikiinuliwa kwa maputo na tiara. Mtambo wenyewe ulikwisha kupata magurudumu. Antena ilibaki kutegemea upepo.

Huko Mpanda, katika Katavi ya leo, magharibi mwa Tanzania, hitaji la mawasiliano lilikuja na madini. Mgodi wa risasi ndio uliovuta reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda karibu mwaka 1950 ikikatiza miombo yenye mbung'o na watu wachache. Miongo iliyofuata ilileta wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972: makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Hifadhi ya Katavi, yenye makao yake Sitalike, ilitangazwa mwaka 1974.

Kwa maeneo yaliyotengana hivyo, chombo kilichofaa kilikuwa redio ya HF, maarufu kama simu ya upepo. Misheni, vituo vya polisi na hospitali za mbali kote Afrika Mashariki ziliitegemea, na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, waliitwa kwayo. Mawimbi ya HF hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele, kwa hiyo hayahitaji mnara mrefu. Kwa masafa ya megahezi 5 hutosha waya wa mita 28 hivi uliofungwa kati ya miti miwili, na miti Katavi haikuwa adimu. Udhaifu wake ni kelele, foleni ya wasemaji, na kubadilisha masafa mchana na usiku.

Hitaji la aina nyingine lilionekana Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 wa Rwanda walipoingia Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kupitia Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Dharura ya ukubwa huo huhitaji redio za mkononi, na redio za mkononi huhitaji antena iliyo juu. Hapo ndipo mnara wa kuhamishika unapopata kazi ambayo waya wa mitini hauiwezi.

Mnara wenyewe ni vipande vya chuma au alumini vinavyoingiliana. Trela huegeshwa, miguu yake ya pembeni hushushwa, mlingoti husimamishwa wima kwa winchi, kisha vipande huvutwa juu kimoja baada ya kingine. Ukipita kimo fulani hufungwa kwa nyaya za kuushikilia zilizopigiliwa ardhini. Hapa Katavi ina ugumu wake: masika hugeuza udongo mweusi wa mbuga kuwa tope lisiloshika nguzo wala kubeba magurudumu, na radi hulazimisha waya wa ardhi ufungwe kabla ya redio kuwashwa. Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, hivyo mnara wa trela usio na jenereta yake ungekuwa mlingoti mtupu.

Simu za mkononi zimepunguza nafasi ya mnara wa trela. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, hugharimia minara ya kudumu vijijini, na Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 nchini. Mkoa wa Katavi wenyewe, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, ulihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika sensa ya 2022. Trela imebakiwa na kazi za wakati wa mafuriko, mnara wa kudumu ulioharibika, na mikusanyiko ya muda mfupi, mfano wa uzinduzi wa Mwenge wa Uhuru uliofanyika Mpanda mwaka 2017. Kuwa wa muda hakuuondolei mnara masharti: masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na karibu na uwanja wa ndege kimo chake huihusu mamlaka ya usafiri wa anga.