Shofaji ya kamioneti ya zamani: radiateri ndogo, kazi kubwa

Gari inayotoka Itebero kwenda Bukavu kwa barabara ya taifa namba 3 inaanzia katika joto la msitu, inapita Hombo na Bunyakiri, kisha inapanda kwenye baridi ya Kahuzi-Biega. Huko kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, na dereva anapangusa na kitambaa huku akishika usukani kwa mkono mmoja.

Kukausha kioo ni kazi ya shofaji. Nyuma ya tabulo kuna radiateri ndogo: maji moto ya mota yanapita humo kwa madurite mawili, na feni inapuliza hewa. Ikianza kuvuja, mafundi wengi wanaikata tu na kuunganisha madurite. Mota inaendelea kutembea, lakini kioo kinabaki na ukungu.

Kuirudisha kunataka mambo matatu:

- Mota ipoe kabisa. Kifuniko cha radiateri kikifunguliwa moto, maji yanaruka na kuunguza.
- Kama imetoka kwenye gari ingine, ijaribiwe kwanza: ziba tundu moja, izamishe ndani ya maji, puliza kidogo. Mapovu yakitoka, imetoboka.
- Wakati wa kujaza maji, robine ya shofaji iwe wazi ili hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, mota inaweza kupata moto kupita kiasi.

Abiria akisikia maji ya moto kwenye miguu, simamisha gari. Kumaliza maji mlimani ni kuharibu mota.