Wimbo uliobanwa: safari ya MP3 kutoka laini ya simu ya Ujerumani mpaka kadi ya simu mkononi

Mjini Goma, kwenye vibanda vya Birere ambako vijana hujaza nyimbo katika simu za watu, mteja huwa na mambo mawili ya kuchagua: nyimbo nyingi ao nyimbo zenye sauti safi. Wengi huchagua nyingi. Kadi ya giga 4, kitu chenye ukubwa wa ukucha, inabeba nyimbo kama 2,000 za dakika nne nne zikibanwa sana, kama 1,000 zikibanwa kwa kadiri, na kama 400 tu zikiachiwa nafasi ya kupumua. Mwenye franka chache anajua atachukua nini.

Lakini kwa familia iliyotoka Masisi ao Rutshuru na godoro moja na sufuria mbili, kadi hiyo si mchezo. Mara nyingi ndiyo sanduku pekee la nyumba lililofika salama: nyimbo za kwaya ya parokia, sherehe ya harusi ya dada, sauti ya babu akihadithia mambo ya ukoo. Sauti hizo zote zimebanwa, na katika kubanwa kuna kitu kilichotupwa. Inafaa kujua ni nani aliyeanzisha kazi hiyo, na kilichotupwa ni nini.

Historia inaanzia mbali na Kivu, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa akifikiria muziki wa kutia mfukoni. Watu walikuwa wakifikiria simu ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dieter Seitzer, profesa katika chuo kikuu cha Erlangen-Nuremberg huko Ujerumani, alikuwa na wazo la kupitisha muziki kwenye laini ya simu, ili mtu aketi kwake, aombe wimbo, na wimbo umfikie kwa waya. Aliomba hati ya uvumbuzi. Mkaguzi akamkatalia, akisema jambo hilo haliwezekani.

Mkaguzi hakuwa mjinga. Diski ya CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, tena kwa upande wa kushoto na wa kulia. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Laini mpya za simu zilizokuwa zikiandaliwa Ulaya wakati ule, zile za ISDN, zilipitisha biti 64,000 kwa njia moja, na mteja alipewa njia mbili: jumla 128,000. Yaani sauti ya CD ilipaswa kugawanywa sehemu kumi na moja, kumi zitupwe, na mtu atakayesikiliza ile moja iliyobaki asigundue. Ile namba 128 ambayo hata leo vijana wa vibandani wanaitaja kila siku ni hiyo hiyo ya njia mbili za simu.

Seitzer alimkabidhi kazi mwanafunzi wake Karlheinz Brandenburg, ambaye aliiendeleza mpaka akamaliza tasnifu yake ya udaktari mwaka 1989, akishirikiana na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer palepale Erlangen.

Njia waliyoifuata ilitegemea udhaifu wa sikio la mtu. Asubuhi kwenye soko la Virunga, pikipiki ikipita karibu, maneno ya mama anayeuza ndizi yanapotea. Mama hajanyamaza, midomo yake inaendelea. Ni sikio lako lililofunikwa na kelele kubwa. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kulipima jambo hilo miaka mingi kabla, kama Harvey Fletcher huko Marekani na Eberhard Zwicker huko Ujerumani. Walijua kwamba sauti yenye nguvu huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa wembamba ao uzito, na kwamba huifunika hata kwa kitambo kidogo sana baada ya yenyewe kuisha.

Programu ya MP3 inafanya hesabu hiyo bila kuchoka. Inachukua kipande cha vipimo 1,152, ambacho kwa sauti ya CD ni kama sehemu 26 katika elfu za sekunde moja. Inatazama zipi zinasikika na zipi zimefunikwa, inazipa biti nyingi zile za kwanza, na zile nyingine inazinyima. Kiisha inashika kipande kinachofuata. Kilichonyimwa hakiwekwi pembeni kingoje. Kimekwisha kutoka katika faili, na hakuna mashine inayoweza kukirudisha. Kila anayechagua kiwango cha kubana wimbo, hata kama hajui, anachagua ni kiasi gani kitatupwa.

Mwaka 1988 kiliundwa kikundi cha kimataifa cha MPEG ili dunia nzima itumie kipimo kimoja. Makampuni na taasisi mbalimbali zilileta njia zao, na mwaka 1990 zikajaribiwa Stockholm, kwenye redio ya taifa ya Uswidi, kwa masikio ya watu waliozoea kusikiliza kwa makini. Matokeo yalikuwa kupatana: kipimo kilichokubaliwa mwaka 1992 kilikuwa na ngazi tatu. Ngazi ya pili, nyepesi kwa mashine, ilichukuliwa na redio za kidijitali. Ndiyo pia sauti ya zile VCD za klipu na filamu zilizojaa sokoni miaka ile. Ngazi ya tatu, ile ya Brandenburg na wenzake, ilibana zaidi lakini ilidai kompyuta yenye nguvu, na kwa muda ilionekana kama imekosa mchumba. Jina lake la mkato, .mp3, lilichaguliwa tarehe 14 Julai 1995.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa karibu kuanguka kwa sababu ya mwanamke mmoja anayeimba peke yake. Brandenburg alijaribu programu yake kwa wimbo wa Mmarekani Suzanne Vega, "Tom's Diner", usio na gitaa wala ngoma. Vyombo vingi vikipiga pamoja, makosa hujificha chini ya kelele. Sauti ya mtu mmoja katikati ya ukimya haina pa kuficha kitu: ilitoka imekwaruzwa vibaya. Ikabidi wairekebishe programu na kuusikiliza wimbo ule tena na tena, mara nyingi kupita hesabu, mpaka sauti ya Vega ikatoka kama sauti ya mtu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Brandenburg mwenyewe amesimulia kwamba katika miaka hiyo ya 1990 mwanafunzi mmoja wa Australia aliinunua programu ya kubana kwa kadi ya benki ya wizi, kiisha akaitoa bure kwenye intaneti. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ikauza kichezeo cha mfukoni chenye megabaiti 32, ambazo kwa kilobiti 128 zinatosha nyimbo nane. Mwaka 1999 ikaja Napster, watu wakaanza kupeana nyimbo bila kumlipa mwenyewe. Wanamuziki wa Kinshasa, waliokuwa wamekwisha kulia kwa sababu ya kaseti za wizi, sasa walipata kilio kipya.

Je, namba hizi zinafanya nini kwa muziki wetu? Kwa wimbo wa dakika nne, kilobiti 64 zinatoa faili ya karibu megabaiti 2. Kilobiti 128, karibu 4. Kilobiti 320, karibu 10. Kutoka CD yenyewe, bila kubanwa, zingekuwa zaidi ya 42. Na nyimbo za rumba haziishi dakika nne. Zikifika dakika nane ao kumi, zidisha mwenyewe.

Kinachoumia kwanza ni sauti nyembamba za juu. Ngoja sebene ianze, pale mi-solo inapochomoka, maracas za atalaku na visahani vya ngoma vikijibizana. Kwa kilobiti 64 visahani vinakuwa kama maji yanayomwagika, maracas zinakuwa ukungu, na atalaku anaimba kama yuko ndani ya pipa. Kwa 128, programu nyingi hukata kila kilicho juu ya mitetemo kama 16,000 kwa sekunde, na mtu mwenye masikio mazuri na spika nzuri anaweza kuitambua tofauti. Kwa 192 kazi inakuwa ngumu kwake. Kwa 320, wengi wanaojaribiwa bila kuambiwa ipi ni ipi wanabahatisha tu.

Lakini tusiidharau 128. Redio ya FM yenyewe haipitishi sauti iliyo juu ya mitetemo 15,000 kwa sekunde, na hakuna anayelalamika kwamba rumba ya Jumapili redioni haina ladha. Spika ndogo ya simu ya vitufe haifiki hata huko. Kumjazia mtu wa simu hiyo nyimbo za 320 ni kumpunguzia nyimbo bure.

Hapa kuna jambo ambalo wengi huchanganya, na kosa lake ni ghali. Waliokua na kaseti wanajua kwamba nakala ya nakala huharibika: kila mara unaponakili, uvumi unaongezeka, mpaka mwimbaji anazama. Basi wanafikiri faili nayo ni hivyo. Sivyo. Faili ya MP3 ikinakiliwa kutoka kadi mpaka kadi mara mia, ile ya mia ni sawasawa na ya kwanza, biti kwa biti. Inaharibika pale inapobanwa tena: kijana anapoichukua faili ya 128 na kuigeuza 64 ili zienee nyingi, na mwingine kesho anapoigeuza tena. Kila kubanwa kunatupa sehemu yake juu ya yaliyokwisha kutupwa. Kuna na ujanja wa kinyume: kuichukua faili ya 64, kuigeuza 320, na kuiuza kama sauti safi. Faili inanenepa, nafasi ya kadi inakwisha, na visahani vya ngoma havirudi.

Kwa sauti za nyumbani jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa nyimbo za madukani. Wimbo wa Franco, hata ukiharibika kwenye kadi yako, nakala nzuri iko mahali fulani duniani. Hadithi ya babu iliyorekodiwa Masisi iko kwenye simu moja tu. Simu nyingi za zamani zilirekodi kwa mfumo wa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, usiozidi kilobiti 12.2 kwa sekunde wala mitetemo 3,400: maneno yanasikika, lakini ngoma iliyo nyuma yake inakuwa kama kubisha mlango. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatumia mfumo wa Opus, uliokubaliwa mwaka 2012, ambao kwa mazungumzo ni bora mara nyingi kuliko AMR kwa nafasi ndogo hiyo hiyo. Lakini mtu anayeiweka simu yake mbele ya spika ya simu nyingine ili arekodi upya anabana kilichobanwa, na anaongeza kelele ya chumba juu yake. Faili yenyewe ikitumwa kama hati, inafika kama ilivyo. Na kwa anayerekodi mzee leo, kilobiti 64 za MP3 kwa njia moja, bila kushoto na kulia, zinatosha kabisa kwa maneno: saa nzima haifiki megabaiti 29.

Hati za uvumbuzi za MP3 zimekwisha muda, na mwaka 2017 Fraunhofer ilifunga mpango wake wa kutoza malipo. Ipo mifumo inayobana vizuri zaidi, kama AAC, na upo FLAC usiotupa chochote, lakini faili yake ni karibu nusu ya CD, mzigo mzito kwa kadi ya giga 4. Vibandani bado ni MP3.

Mwaka 2007 Suzanne Vega alialikwa Erlangen kwa mafundi wa Fraunhofer. Wakampigia sauti yake ilivyokuwa imekwaruzwa siku za kwanza, kiisha ile iliyorekebishwa, wakamweleza kwa furaha kwamba sasa inalingana kabisa na ile ya asili. Vega akasikiliza, akasema kwamba kwake yeye ile ya MP3 imepungua joto kidogo, na labda upande wa chini kuna kitu kilichopotea. Fundi alishtuka. Akamjibu kwamba hapana, ni zile zile.