Pilato na Mnara: Makaburi Manne ya Nyangezi

Anayesafiri kutoka Bukavu kwenda Uvira, mashariki mwa Kongo, hupita Nyangezi kabla barabara haijaanza kuteremka Ngomo. Hapo, kwa mabruda Wamaristi, pana makaburi ya Wahispania wanne: Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez. Waliuawa tarehe 31 Oktoba 1996 katika kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya Nyamirangwe, huko Bugobe, na miili yao ikatupwa katika shimo la maji machafu. Vita vilipokaribia, wakuu wao waliwasihi waondoke. Wao wakaona hawawezi kuwaacha watu ambao dunia nzima ilikwisha kuwaacha. Mwishowe wakimbizi wenyewe walitawanyika, kambi ikawa tupu, nao wakabaki.

Walikosa nini?

Swali hilo halikosekani kwenye kilio chochote cha eneo hilo la Kivu, na majibu mawili huwa tayari mdomoni. La kwanza: ni mapenzi ya Mungu. La pili hunong’onwa, ingawa wapo wahubiri wanaolitangaza kwa kipaza sauti: lazima kulikuwa na dhambi, au imani ilipungua. Jibu hili la pili ni kuukuu. Elifazi, Bildadi na Sofari walimpa Ayubu, na kitabu kinapofika mwisho anayekemewa na Mungu si Ayubu aliyelalamika, ni hao marafiki waliojifanya mawakili wa Mungu. Jibu la kwanza ni gumu zaidi kulipinga, kwa sababu limevaa unyenyekevu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu analetewa habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato. Mwenyewe anaongeza habari nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kwamba wafu hao walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha anawageukia walio hai na kuwadai watubu. Kwa nini mnara ulianguka, hasemi. Wafafanuzi hupenda kuyachukua matukio hayo mawili kama kitu kimoja, ilhali tofauti yake ni kubwa: moja lina muuaji mwenye jina na cheo, jingine halina.

Kivu iliyapata yote mawili katika juma moja. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi liliitikisa Bukavu, na ng’ambo ya mpaka, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kanisa likawaangukia watu wakiwa ibadani. Huo ulikuwa mnara. Siku tatu baadaye, huko Madrid, jaji Fernando Andreu alitoa hati za kuwakamata maofisa 40 wa jeshi la Rwanda, katika kesi iliyowahesabu wale mabruda wanne miongoni mwa wahanga. Wengine kwa miaka mingi walikuwa wamewataja wanamgambo Wahutu wa Interahamwe kuwa ndio wauaji. Vyovyote iwavyo, huyo alikuwa Pilato.

Kiswahili kinaijua tofauti hiyo. Bahati mbaya humpata mtu tu, lakini mtu haonewi bila kuwapo anayemwonea, na hakuna dhuluma isiyo na dhalimu. Kwa hiyo mahubiri yanayosema “maisha hayana haki” yanafanya ujanja mdogo: yanamgeuza Pilato kuwa mnara. Mauaji yanakuwa hali ya hewa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Kuyakabidhi yote kwa mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu.

Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu hakufanya hivyo. Alikikalia kiti cha Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, siku mbili kabla ya mabruda, baada ya kushuka garini akiwa na msalaba mkononi. Katika barua yake ya Krismasi ya 1999 Kataliko alikemea uporaji na utawala wa mtutu, akaitaja na mikono ya wenyeji walioshiriki. Februari 2000 alizuiwa kurudi jimboni, akawekwa Butembo hadi Septemba. Tarehe 4 Oktoba alifariki akiwa Roma.

Mtu atauliza, na ana haki: kubaki kwa wale wanne kulimwokoa nani? Hakuna mkimbizi anayeweza kutajwa kwamba alipona kwa sababu wao walikufa. Ila swali hilo linakipima kitendo kwa mizani ileile ya akina Elifazi, ya wema unaolipa. Kubaki kwao hakukuwa maelezo ya mateso. Kulikuwa kukataa kwamba anayeteseka anastahili kuachwa.

Mwaka 2014 Hispania ilipunguza mamlaka ya mahakama zake juu ya jinai zilizotendwa ng’ambo, na baadaye kesi ya Madrid ikafungwa. Hakuna hata ofisa mmoja kati ya wale 40 aliyesimama kizimbani humo.