Mjusi wa Nyasi za Juu, Mlima Kenya

Mjusi ajulikanaye kitaalamu kama Adolfus alleni, ambaye hukaa kwenye mafungu ya nyasi juu ya mstari wa msitu wa Mlima Kenya, ambako usiku umande huganda na mchana jua huchoma, aliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1914, Thomas Barbour wa Marekani alipomweka katika jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ya mijusi wa kusini mwa Ulaya. Uainishaji huo, unaoshangaza kidogo leo, uliachwa baadaye, na mjusi huyo akahamishiwa jenasi iliyopewa jina la mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliyeongoza msafara wa Afrika ya Kati mwaka 1907 na 1908. Mwaka 2014 mijusi wa Mlima Elgon, waliokuwa wakihesabiwa kuwa Adolfus alleni pia, walitengwa kuwa spishi nyingine, iliyoitwa kwa jina la mlima huo miongoni mwa wenyeji, Masaba.