Kihisi cha mawimbi, kifaa kinachonusa haidrojeni

Gesi ya mitungi imetuzoesha vibaya. Ikivuja jikoni, pua ndiyo inayotuambia, tukakimbilia kufunga mtungi na kufungua dirisha. Wengi hawajui kwamba ile harufu hutiwa makusudi. Haidrojeni haina harufu wala rangi, na hata ikiwaka mchana moto wake ni shida kuuona. Kuitia harufu nako kuna matatizo, maana dawa za harufu zenye salfa huharibu seli zinazogeuza gesi hiyo kuwa umeme.

Naandika haya kwa sababu haidrojeni haiko mbali nasi. Betri za asidi, zile za sola na inverta, huitoa zinapochajiwa, hasa zikichajiwa kupita kiasi. Na Septemba 2023 serikali yetu ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani. Gesi hii ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba tayari inaweza kulipuka, na inaendelea kuwa hatari mpaka asilimia 75. Cheche ya swichi inatosha.

Basi nani wa kutunusia? Kuna vifaa vya aina nyingi, lakini kinachonivutia mimi ni kile kinachotumia mawimbi ya sauti yanayotambaa juu ya uso wa kitu kigumu. Mawimbi hayo yalielezwa kwa hesabu na Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1885. Ni jamaa ya yale yanayotikisa ardhi wakati wa tetemeko. Mwaka 1965 White na Voltmer, kule Berkeley, Marekani, walionyesha namna ya kuyatengeneza kwa umeme juu ya kipande kidogo cha fuwele.

Fuwele hiyo, tuseme kwatzi, ina tabia ya ajabu: ukiipa umeme inajikunja kidogo, na ukiikunja inatoa umeme. Huchorwa nyuzi nyembamba za chuma mfano wa meno ya vitana viwili vilivyoingiliana, seti moja kila upande. Upande mmoja unazusha wimbi, wimbi linatambaa kwa kasi ya kilomita 3 na zaidi kwa sekunde, upande wa pili unalipokea. Usidhani ni mambo ya maabara tu. Vipande vya jamaa hii vimo ndani ya simu nyingi, vikichuja mawimbi ya redio.

Ili kinuse haidrojeni, katikati ya njia hupakwa utando mwembamba wa paladiamu. Metali hii hunywa haidrojeni kama sifongo inavyokunywa maji, mamia ya mara ya ujazo wake. Thomas Graham aliligundua hilo katika miaka ya 1860. Ikishakunywa, uzito wake, ugumu wake na namna inavyopitisha umeme vyote hubadilika, na wimbi linalopita hapo hubadilisha mwendo. Mitetemo ikiwa milioni 100 kwa sekunde, tofauti ya mia chache tu inasomeka. Waitaliano D'Amico, Palma na Verona walilithibitisha mwaka 1982.

Joto nalo hubadilisha mwendo wa wimbi, na huku kwetu joto na unyevu havikosi. Dawa yake ni kuweka njia mbili, moja yenye paladiamu na nyingine tupu, kisha kusoma tofauti. Ugonjwa mwingine ni kwamba paladiamu huvimba ikinywa na kunywea ikitoa, mwishowe utando hupasuka na kubanduka. Ndiyo maana huchanganywa na nikeli au fedha.

Sifa ninayoipenda zaidi ni kwamba kipande hiki kinaweza kusomwa kwa redio kutoka mbali, bila waya wala betri. Penye gesi ya kulipuka, waya mmoja pungufu ni neema.

Kwa nyumba ya kawaida siwezi kukushauri ukitafute. Tundu la hewa juu ya ukuta wa chumba cha betri litakufaa zaidi. Nasema juu kwa sababu nimeingia chumba kimoja cha betri nikakuta king'ora kimefungwa karibu na sakafu, kama cha gesi ya kupikia. Gesi ya kupikia ni nzito, hutuama chini. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, nayo hujikusanya darini.