Hilde Mangold na kiinitete chenye migongo miwili

Kiinitete kichanga cha salamanda ni tufe la seli lenye upana wa milimita kama mbili hivi. Halina kichwa wala mkia. Baada ya siku chache tu ubongo umekaa mbele, uti wa mgongo umenyooka na mkia umeanza kuchomoza nyuma. Seli zote hizo zimetokana na yai moja. Ni nani basi anayeziamuru hizi ziwe ubongo na zile ziwe ngozi ya tumbo? Jibu zito la kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mikononi mwa mwanafunzi wa kike aliyekuwa na umri wa miaka 22.

Alizaliwa Gotha mwaka 1898 kwa jina la Hilde Pröscholdt. Akiwa mwanafunzi Frankfurt alimsikia Profesa Hans Spemann akitoa mhadhara juu ya viinitete, na mwaka 1920 akamfuata Freiburg. Spemann tayari alikuwa bingwa wa upasuaji wa aina yake: sindano za kioo alizozitengeneza mwenyewe, na nywele za mtoto mchanga alizozitumia kama kitanzi cha kubana mayai. Huyo ndiye aliyempa Hilde swali la utafiti wake wa udaktari.

Kwenye kiinitete cha salamanda kuna kitundu ambapo seli za nje huanza kuingia ndani. Hilde alikata kipande kidogo kwenye ukingo wa juu wa kitundu hicho, akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Werevu wa jaribio ulikuwa katika rangi. Aliyetoa kipande alikuwa wa spishi nyeupe, aliyepokea wa spishi yenye rangi nyeusi, hivyo kila seli ilionyesha asili yake chini ya hadubini.

Kazi ilikuwa ya majira ya kuchipua peke yake, maana ndipo salamanda hutaga. Dawa za kuzuia bakteria hazikuwapo bado, kwa hiyo viinitete vingi vilivyopasuliwa vilioza na kufa. Kati ya mamia aliyoyafanyia kazi mwaka 1921 na 1922, vilivyofaa kuelezwa kwa kina havikufika kumi. Lakini hivyo vichache vilitosha. Tumboni mwa kiinitete kilichopokea paliota mwili wa pili, wenye mgongo wake na mfumo wa neva wake. Na alipokata vipande vyembamba kuangalia rangi, neva hizo mpya zilikuwa karibu zote za kiinitete kilichopokea! Seli zilizokuwa zikielekea kuwa ngozi ya tumbo ziligeuzwa kuwa sehemu ya ubongo na uti wa mgongo kwa kukaa tu jirani na kipande kile. Spemann alikiita kipande hicho mratibu.

Hilde aliolewa na mtafiti mwenzake, Otto Mangold, akapata udaktari mwaka 1923 na mtoto wa kiume. Makala ya utafiti ilitoka mwaka 1924, jina la Spemann likiwa la kwanza, ingawa mikono iliyopasua ilikuwa ya Hilde. Septemba mwaka huohuo moto ulilipuka jikoni kwake Berlin, akaungua na kufariki. Alikuwa na miaka 25. Mwaka 1935 Spemann alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba peke yake.

Baada ya makala ile ulifuata mkanganyiko mrefu. Mwaka 1932 ilionekana kwamba hata kipande cha mratibu kilichouawa bado kinaamsha neva. Kisha ikagundulika kwamba ini, uboho na hata rangi ya bluu ya maabara vinaweza kufanya vivyo hivyo kwenye tishu ya salamanda. Wanasayansi walisaka kemikali moja ya ajabu kwa miongo, wakarudi mikono mitupu. Swali lenyewe lilikuwa limegeuzwa: waliuliza ni nini kinachoipa ngozi amri ya kuwa neva.

Aliyefungua fumbo hilo ni chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Tangu miaka ya 1930 alisafirishwa kwa wingi kutoka rasi ya Afrika Kusini, kwa sababu akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai ndani ya muda mfupi, na hicho kikawa kipimo cha mimba. Maabara zikabaki na chura anayetaga wakati wowote wa mwaka, si wa msimu kama salamanda. Kwa mayai yake watafiti wa Marekani waliitambua mwaka 1992 protini iitwayo nogini, na mwaka 1994 kodini. Zote mbili hutolewa na eneo la mratibu, na kazi yao ni kuzuia. Seli za nje zenyewe huelekea kuwa neva, lakini protini nyingine inayozizunguka huzisukuma kuwa ngozi. Mratibu anapoikamata protini hiyo, seli zilizo karibu naye hubaki huru kufuata njia ya neva. Zilizo mbali naye huwa ngozi.

Mpangilio wa mgongo na tumbo, kwa chura na kwa binadamu, unategemea mvutano huo. Ombi langu kwa walimu wa biolojia ni hili: mnapowaeleza wanafunzi mratibu wa kiinitete, mtajeni na aliyempata, Hilde Mangold.