Simu Ilipoingia Kanisani

Wazee wetu wa Chapwa hawakuwahi kuambiwa "zimeni simu". Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, baadaye Mbozi, na kengele ya kanisa ikawa ndiyo saa ya Jumapili. Hata TAZARA ilipoanza kupita Tunduma miaka ya 1970, habari za mbali zilikuja kwa barua. Barua haikatizi sala.

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, nzito kama tofali, za wenye nazo. Zilipofika huku kwetu, kuzitawala ilikuwa kazi ndogo: unaizima, unatia mfukoni, basi. Ikilia katikati ya mahubiri, mwenyewe anatoka mbio kainama, watoto wanacheka.

Mwaka 2008 M-Pesa ikaanza nchini. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana simu ikawa pochi. Hapa mpakani, kwenye foleni ya malori, mtu anayengoja malipo ya mzigo utamwambia aizime vipi? Wanawe wale nini? Na kanisa nalo, tusifichane, likaanza kutangaza namba ya kutolea sadaka. Mchungaji yule yule anasema "zimeni", kidogo tu anasema "zitoeni". Kisha Biblia yenyewe ikahamia humo humo.

Jumapili iliyopita nilifungua Zaburi kwenye simu, ukaingia ujumbe wa deni. Nikausoma, nikaujibu. Zaburi niliimalizia Jumatano.